Kikohozi cha Bwana Kamera

Mama yake alikatika kirahisi. Wembe ulipita kwenye ule mstari mwembamba unaotenga picha na picha, na mwanamke kijana aliyeinama mbele ya tanuri, kiganja mdomoni, akabaki upande wa kushoto wa meza amejikunja kama utepe. Gundi akamshika kwa ncha za vidole, glavu nyeupe mkononi, akamlaza ndani ya kopo tupu.

"Pumzika sasa," alimwambia. "Ni zamu ya mwenzio."

Mwenzio alikuwa upande wa kulia wa meza, kipande kirefu kidogo cha filamu ambacho Gundi alikificha tangu siku zake za kujifunza kazi. Kilimwonyesha mwanamume aliyekunja mikono ya shati, amejifunga aproni ya mwanamke, ameinama mbele ya tanuri lile lile. Naye alikuwa anakohoa.

Gundi ndilo jina walilompa pale kitengo cha filamu cha idara ya afya, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuunga filamu zilizokatika. Unakwangua utando wa picha kwenye ncha moja, unapaka tone la gundi, unalaza ncha ya pili juu yake, unabana, unasubiri. Ukikwangua kidogo, muungo unaachia mbele za watu. Ukikwangua mno, unatoboa. Mtu mwenye pupa haiwezi kazi hii, na Gundi hakuwa na pupa. Muungo huu mmoja aliungoja nusu ya umri wake.

Stoo ilinuka siki, maana ndivyo filamu zinavyonuka zikianza kuoza. Kwenye rafu yalipangwa makopo ya ndui, ya safura, ya trakoma, ya kipindupindu, ya kifua kikuu. Zamani magari ya sinema yaliyabeba mpaka kule barabara zinakokata tamaa, watu wakakaa chini kutazama ugonjwa ukitembea juu ya kitambaa cheupe. Nyingi hazikuwa na sauti. Maneno yalitoka kwa msemaji, aliyesimama na kipaza sauti, amekipa kitambaa mgongo na kuwakabili watu, ili aone nani anasinzia na nani ameshtuka. Hakuhitaji kugeuka kutazama. Filamu alikuwa ameihifadhi kichwani. Na kila filamu ilikuwa na mwerevu wake na mjinga wake. Mwerevu mara nyingi alikuwa karani, au mpwa wa mwenye kamera. Mjinga alikuwa mtu wa mtaani, aliyeokotwa siku hiyo hiyo. Filamu zile ziliokoa watu wengi, na Gundi hakuwahi kulikana hilo. Ila mama yake hakuwa miongoni mwao.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mkuu wa kitengo, daktari kijana aliyeletwa juzijuzi, mcheshi, mwenye viatu visivyofaa kwa vumbi la stoo.

"Dada Gundi, mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Alikuwa amechanika huku na huku, bosi. Namshona."

"Mshone vizuri, sherehe ndiyo hiyo imekaribia. Halafu sikia: Mzee amepiga simu. Hataki msemaji mwingine. Atasimama mwenyewe na kipaza sauti, kama enzi za magari. Anasema filamu yake anaikumbuka neno kwa neno."

Wembe ulisimama mkononi mwa Gundi. "Atasimama vipi?"

"Vipi tena? Kama walivyosimama wao. Mgongo kwa kitambaa, uso kwa watu."

"Atapendeza," Gundi alisema, akainamia meza ili uso wake usionekane. Ng'ombe wa maskini, wanasema, hazai. Wake siku hiyo alizaa mapacha. Alikuwa ametaka tu watu wamwone mzee huyo akikohoa na kutema mate. Kumbe mzee angejitukana kwa mdomo wake mwenyewe.

Mzee aliyekuwa akitajwa aliitwa Bwana Kamera. Ndivyo mtaa ulivyomwita siku alipokuja kwao, Gundi akiwa bado hajaanza shule. Mama alikuwa mwokaji wa mikate. Tanuri lake la matofali lilikuwa nyuma ya nyumba, na alfajiri harufu yake ilifika kwa watu kabla ya mwanga. Bwana Kamera alisema anatengeneza filamu ya mama mchapakazi. Alimpiga picha akikanda, akichochea moto, akitoa mikate, na mama akapiga kazi huku amenyoosha shingo kama bibi harusi. Siku ya mwisho ndipo aliposema:

"Mama, hebu kohoa kidogo. Kama umepaliwa na moshi."

Mama akakohoa.

"Hapana, hicho ni kikohozi cha mgeni anayebisha hodi. Nataka kitoke chini kabisa. Halafu uteme hapo pembeni, ufute mkono kwenye aproni, umpe mtoto mkate."

"Kutema siwezi, baba. Mtu hatemi mbele ya chakula."

Basi Bwana Kamera akamvua aproni, akajifunga yeye, akaonyesha. Akakohoa hadi mishipa ya shingo ikasimama, akatema, akapangusa kiganja, akanyoosha mkate hewani kama anampa mtu. Kijana aliyeshika kamera alisahau kuizima. Mama, ambaye donge lake la unga lilikuwa linafurika kwenye beseni na wageni hawaondoki, akafanya alivyoonyeshwa ili mambo yaishe. Gundi naye akapokea mkate, kisha akaambiwa alale kitandani, afumbe macho, afunikwe shuka mpaka usoni. Walimpa peremende. Hata hakuuliza kwa nini.

Gari la sinema lilipofika, mama alivaa nguo yake nzuri kuliko zote, akakaa mbele kabisa, amempakata Gundi. Wakaona mikono yake ikikanda, na watu wakashangilia. Kisha wakaona kikohozi. Msemaji akapaza sauti: "Mtazameni huyu asiyejali! Kohozi lake ndilo kaburi la mtoto wa watu!" Juu ya kitambaa Gundi alifunikwa shuka, likafuata tuta la udongo. Gundi mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo magotini kwa mama, anatafuna kidole, amekufa mbele ya mtaa mzima. Mama akanyanyuka kabla filamu haijaisha, na watu wakampisha njia pana kuliko ilivyohitajika.

Mikate ya kesho yake ililala. Ya keshokutwa pia. Mama alikwenda hospitali, daktari akamsikiliza mapafu, akamwambia ni mazima kuliko yake yeye. Mama akarudi akawaambia majirani. Walimsikiliza kwa adabu, wamesimama mbali, na mmoja akasema, "Daktari amesema hivyo, lakini sinema si tumeiona wote?" Akaitwa Mama Kohozi. Gundi alipoanza shule, wenzake walimwita Marehemu, na mwalimu alimweka peke yake dirishani. Baba alihamia kwa dada yake kwa muda, na muda huo mpaka leo haujaisha. Tanuri likaanguka upande mmoja kwa mvua, kisha upande wa pili. Mama akapata kazi ya kufagia ghala la nafaka, kazi ambayo mtu hagusi kitu kitakachoingia mdomoni mwa mwingine kabla hakijapikwa.

Gundi aliomba kazi kitengo cha filamu kwa nia moja tu: aitafute filamu ile aichome moto. Akakuta kila gari lilikuwa na nakala yake. Kuchoma moja kungekuwa kuchota maji ya bahari kwa kijiko. Lakini wanafunzi wa kuunga walipewa kopo la mabaki, vipande vilivyokatwa na kutupwa kando, wajifunzie. Akainua kipande kwenye taa, akaona bomba la bati la tanuri lao, lenye pengo juu alilolijua tangu utotoni. Akaona Bwana Kamera na aproni. Hakujifunzia kipande hicho. Alikificha, akatulia, akazeeka nacho. Nakala za magari zikaoza moja baada ya nyingine. Wenzake wakastaafu, zikaja kanda za video, zikaja simu, na nakala ikabaki moja tu duniani, nayo iko mikononi mwake. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nyumbani mama alikuwa anachambua kunde, ungo magotini.

"Keshokutwa utavaa," Gundi alisema. "Tunakwenda kwenye sherehe."

"Ya nani?"

"Ya Bwana Kamera. Wanampa nishani. Wataonyesha ile filamu."

Vidole vya mama havikusita juu ya ungo. "Wewe umeanza kuchanganyikiwa mapema, hata mimi sijaanza."

"Safari hii si wewe utakayekohoa, mama. Ni yeye. Nimemuunga mahali pako. Atakohoa, atatema, mbele ya wakubwa wote, mbele ya wajukuu zake. Na msemaji ni yeye mwenyewe."

Mama akapuliza makapi.

"Mkuki kwa nguruwe," akasema hatimaye.

"Kwa binadamu mchungu," Gundi akamalizia.

"Watakufukuza kazi."

"Wanifukuze. Nimebakiza nini pale? Makopo ya siki."

"Na unataka mimi nifanye nini huko?"

"Ukae tu. Umwangalie akiona aibu uliyoiona wewe. Basi."

Mama akamtazama mwanawe usoni, kwa muda, kama anayetafuta jiwe kwenye kunde. "Litafutie pasi lile gauni la kijani," akasema.

Ukumbi ulijaa mchana ule. Madaktari walikaa mbele, na wanafunzi wa uuguzi wakajaza nyuma na mavazi yao meupe. Mapazia yalifungwa. Projekta iliwekwa juu ya meza kwenye njia ya katikati, na mama akakaa kwenye kiti kando ya Gundi, mkoba magotini, mgongo umenyooka. Jukwaani kulikuwa na kitambaa cheupe, na mbele yake meza ndogo yenye maua na bilauri ya maji kwa ajili ya mgeni wa heshima.

Bwana Kamera alikuwa amezeeka vizuri, na hilo peke yake lilimuudhi Gundi. Nywele nyeupe zilizochanwa, suti iliyomkaa, wajukuu mstari wa mbele wakimpungia. Bosi alisoma sifa zake mpaka zikachosha, akamvalisha nishani. Mzee akashika kipaza sauti, akageuzia kitambaa mgongo, akawakabili watu.

"Wanangu," alisema, "zamani sisi hatukuwa na kompyuta. Tulikuwa na mwanga, kitambaa na mdomo. Mwenye projekta, tia moto!"

Gundi akatia moto.

Mikono ya mama ikaonekana, myepesi, ikikanda. Kando yake Gundi alisikia pumzi ya mama ikiingia na kukaa. Hakugeuka. Alikuwa anaungoja muungo wake, akiuhesabia kwa sikio, na ulipopita kwenye lango la projekta ulitoa mlio mdogo tu, kama mtu anayelamba midomo.

Bwana Kamera akatokea kwenye kitambaa, kijana, mrefu kuliko mlango, amefunga aproni.

"Sasa mtazameni huyu!" Bwana Kamera wa jukwaani akanguruma, sauti ile ile ya magari. "Mtazameni huyu asiyejali! Haogopi Mungu wala hawaonei haya majirani!"

Juu ya kitambaa akakohoa. Mstari wa wauguzi ukacheka kidogo, kwa mashaka.

"Anakohoa kiganjani, na kiganja hicho hicho kinashika mkate! Anatema kama mnyama! Jamani, mtu wa namna hii anakaa na watu?"

Akatema. Ukumbi sasa ukawa unacheka wote. Mzee akapandisha sauti, akidhani wamekolea. Akawanyooshea kidole. "Mnacheka? Kohozi lake ndilo kaburi la mtoto wa watu!" Na kijana wa kitambaani akafuta kiganja kwenye aproni, akanyoosha mkate, na pale pale ikafuata ile picha ya karibu ya mkono wa mtoto ukipokea. Gundi alikuwa ameiunga bila kuacha hata nafasi ya kope.

"Babu, ni wewe!" mmoja wa wajukuu akapiga kelele. "Babu, geuka! Ni wewe!"

Akageuka.

Vicheko vikakatika. Gundi aliuona mgongo wa suti ukikakamaa, na furaha ikampanda kutoka nyayoni, furaha chungu na tamu aliyoiwekea akiba tangu akiitwa Marehemu. Mwone, alisema moyoni. Mwoneni nyote. Kesho sokoni mumpishe njia.

Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Lahaula! Kumbe nilikuwa kijana mzuri hivi!" akasema kwenye kipaza sauti. "Wanangu, mnaona? Siku zile mkubwa na mdogo tulifanya kazi pamoja. Mwigizaji akishindwa, mkurugenzi anavaa aproni!"

Ukumbi ukalipuka. Walisimama madaktari, wakasimama wauguzi, wajukuu wakapanda juu ya viti. Mzee akaendelea kusimulia mpaka shuka, mpaka tuta la udongo, na kila neno likapigiwa makofi. Bosi alipita njia ya katikati akifuta machozi ya kicheko, akamminya Gundi bega.

"Dada Gundi, ubunifu wa namna gani huu! Kumbe una utani hivi?"

Gundi akageukia projekta. Kikohozi kile kile, tanuri lile lile, aproni ile ile. Kilipotoka kwa mama kilikuwa ugonjwa, kikavunja nyumba. Kilipotoka kwa huyu kilikuwa maigizo, na wanamvika sifa juu ya nishani. Alitamani ainyanyue nzima nzima aitupe jukwaani. Alikuwa amempaka mafuta adui yake kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa glavu.

Filamu ikaisha. Mkia wake ukawa unapiga ukingo wa rili inayozunguka, pap, pap, na mwanga mtupu ukajaa kitambaani. Mwenye kuwasha taa za ukumbi alikuwa bado anapiga makofi na wenzake.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza, mama. Wamemshangilia."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Akasimama, akanyoosha gauni la kijani. "Nishikie mkoba."

Alitembea njia ya katikati bila haraka, ndani ya ule mwanga, na watu waliokuwa wamesimama wakaketi mmoja mmoja wasijue kwa nini. Akapanda ngazi za jukwaa. Bwana Kamera alimtazama kwa tabasamu la mtu anayesalimiwa na wengi.

"Mimi ndiye mwenye tanuri," mama alisema.

Kipaza sauti kilikuwa wazi, na ukumbi mzima ukasikia.

"Ala!" Tabasamu likapungua, likarudi. "Mama! Bado upo?"

"Nipo."

"Mabibi na mabwana, huyu ndiye—"

Mama akakohoa. Huenda lilikuwa vumbi la mapazia, huenda zilikuwa ngazi. Gundi hakuwahi kumsikia akikohoa mbele za watu. Hata moshi ukimpalia, alikwenda nyuma ya nyumba akamalizia huko. Sasa alikohoa wazi, kikohozi kilichotoka chini kabisa, na hakuinua mkono kuziba. Bwana Kamera akarudi nyuma hatua moja. Alirudi kabla hajafikiri, kama mtu anayekwepa gari.

Hakuna aliyecheka. Mama akasubiri pumzi imrudie. Akaichukua bilauri ya maji mezani, akanywa, akanywa tena, akabakiza nusu. Kisha akamnyooshea.

"Umesema sana, baba," alisema kwa upole. "Koo limekukauka. Kunywa."

Mzee akaitazama bilauri. Akawatazama wajukuu zake, nao wakamtazama yeye.

"Mama, mimi... asante, lakini..."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kukohoa. Unajua kama naumwa au siumwi. Kunywa."

Huko nyuma, kidole cha Gundi kilikuwa juu ya swichi ya projekta, na mkia wa filamu ulikuwa bado unapiga. Akakiondoa kidole. Nyuma ya wawili wale, juu ya kitambaa cheupe, vivuli vyao vilisimama vikubwa kuliko watu: mkono wa mwanamke umenyooka, bilauri mwishoni mwake, na mikono ya mwanamume imening'inia kando ya suti. Ukumbi mzima ulikuwa umeketi, umekodoa macho.